Uchambuzi wa kisa: isopropanoli, rutenyumu, na grafu iliyokataa kupinda

Hiki ni kisa cha memwari (kazi ya kumaliza chuo) moja ya kemia hapa Lubumbashi. Jina la mwanafunzi, chuo, mwaka na wakubwa wa labo nimeviondoa vyote, nimebakiza kemia na maamuzi tu, juu (yaani kwa sababu) ndani yake kuko mtego unaokamata wanafunzi wengi wa kinetiki, upimaji wa spidi ya reaksyo, na sijaona mtu akiuandika kwa Kiswahili. Nilikuwa nafanya kazi kwenye meza ya pembeni katika labo hiyohiyo, kwa hiyo kaye (daftari) za vipimo niliziona na mabishano niliyasikia karibu yote.

Mambo yalianzia wapi

Mwanafunzi alikuwa anamaliza lisansi, profu akampa kazi ya kupima spidi ya oksidasyo ya alkoli kwa kichocheo cha metali. Watu wa huku ukisema metali wanafikiri shaba na kobalti, na ni haki yao, Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia na hiyo kobalti inatoka huku kwetu, upande wa Lubumbashi na Kolwezi. Swali la kwanza wenzake walilomuuliza lilikuwa hilohilo: mbona usitumie kobalti ya nyumbani? Jibu liko kwenye kemia yenyewe. Reaksyo hii inafanyika ndani ya NaOH (soda kostiki), na chumvi ya kobalti au ya shaba ukiimwaga kwenye NaOH inageuka hidroksidi, inaganda na kushuka chini ya bikeri. Hapo kichocheo chako hakijayeyuka tena, kimekuwa unga, kazi inafanyika juu ya uso wa chembe, na spidi inaanza kutegemea unakoroga kwa nguvu gani na chembe ni ndogo kiasi gani. Kwa mtu anayepima kinetiki mara yake ya kwanza hiyo ni mateso ya bure. Rutenyumu, metali iliyotumika hapa, kwa ukolezi mdogo sana wa mikromoli chache kwa lita, inabaki imeyeyuka muda wa kutosha, na juu inatumika kidogo hivyo, miligramu chache za kloridi yake zinamaliza memwari nzima.

Oksidanti, yaani kitu kinachopokea elektroni za alkoli, ilikuwa ferisianidi ya potasiamu, K3Fe(CN)6. Haikuchaguliwa bure. Ni ya bei nafuu, ina rangi ya njano inayokamata mwanga vizuri kwenye 420 nm, na ikishapokea elektroni inakuwa ferosianidi ambayo pale kwenye 420 nm karibu haionekani. Absorbansi (kiasi cha mwanga unaokamatwa) yake ya molari ni karibu 1000, kwa hiyo maji yenye milimoli 1 kwa lita kwenye kuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1 yanakupa karibu 1.0 kwenye spektro, mashini ya kupima mwanga. Unaangalia njano inavyokwisha, unaandika namba na saa, basi. Spektro ya kawaida inayoonyesha mwanga wa macho tu inatosha.

Alkoli ilikuwa isopropanoli na siyo etanoli, hilo profu alilisisitiza. Etanoli inatoa asetaldehidi, na hiyo asetaldehidi nayo inaendelea kuliwa mpaka asidi ya asetiki, unakuta unapima reaksyo mbili ukifikiri ni moja. Isopropanoli inatoa asetoni na asetoni inatulia:

(CH3)2CHOH + 2 Fe(CN)6³⁻ + 2 OH⁻ → (CH3)2CO + 2 Fe(CN)6⁴⁻ + 2 H2O

Angalia ile 2, tutairudia. Na kabla sijaendelea, neno moja la usalama kwa mtu atakayejaribu hii: chupa ya mabaki ya ferisianidi haichanganywi na chupa ya mabaki ya asidi kali, hata siku moja, juu sianidi iliyofungwa pale ndani inaweza kutoka kama gesi ya HCN na hiyo gesi inaua. Kwenye labo ile chupa mbili zilikaa pande mbili tofauti za chumba na kila moja imeandikwa kwa herufi kubwa. Vilevile ferisianidi iliyoyeyushwa haipendi mwanga, inaoza polepole, kwa hiyo ilikaa kwenye chupa ya kahawia.

Kilichotokea

Mpango ulikuwa wa kitabuni. Alkoli nyingi kupita kiasi, 0.2 mol/L, NaOH 0.1 mol/L, rutenyumu mikromoli chache, ferisianidi milimoli 1. Ukiwa na alkoli nyingi namna hiyo, hata ferisianidi ikiisha yote alkoli haijapungua hata asilimia moja, kwa hiyo unaihesabu kama haibadiliki na unaangalia oksidanti peke yake. Joto 30 °C, maji ya beni (beseni yenye kipasha joto) yanazunguka kwa mipira ya maji mpaka kwenye kishikio cha kuveti. Rutenyumu inaingizwa mwisho, hiyo pia ni muhimu, juu ukiiacha ndani ya NaOH inangojea wengine inaanza kuzeeka na kuganda, na kila kipimo kinakuja na kichocheo chenye umri tofauti.

Mwanafunzi alifundishwa, kama sisi wote, kwamba ukishaweka kitu kimoja kupita kiasi reaksyo inakuwa ya ordi ya kwanza ya bandia, yaani spidi inafuata ukolezi wa kile kingine peke yake, unachora ln A (logi asilia ya absorbansi) na muda, mteremko njo (ndiyo) k, namba ya spidi. Akachora. Nusu ya kwanza ya kipimo ilikaa kwenye mstari, R² 0.99 (R² inasema pointi zinafuata mstari kiasi gani, 1 ni kamili). Nusu ya mwisho ilikuwa inaanguka chini ya mstari, kila pointi chini zaidi ya ile ya nyuma yake. Akasema mwishoni absorbansi ni ndogo, spektro haiaminiki, akakata pointi zote za nusu ya pili. Hakuna aliyemkataza wakati ule, kukata mwisho wa kurbu ni kitu kinachofanywa kila mahali.

Halafu akabadilisha ukolezi wa ferisianidi, milimoli 0.5, 1.0 na 1.5, mengine yote yakabaki vilevile. Kama ni ordi ya kwanza kweli, k haitakiwi kusogea. Ikasogea vibaya: kwa dakika, karibu 0.08, 0.04 na 0.027.

Hapo njo wiki za taabu zilianza. Alifikiri mizani, akapima ferisianidi upya. Alifikiri chumvi yake imezeeka, akaomba nyingine. Alifikiri pipeti. Alifikiri spektro, akaipima kwa ferisianidi tupu isiyo na alkoli, ikatoa mstari mzuri kabisa wa ukolezi na absorbansi, kumbe spektro haikuwa na shida. Kila jaribio lilikuwa la maana na lilifanywa vizuri, ila yote yaliuliza swali lilelile moja, nani kati ya vyombo vyangu anadanganya, na hakuna lililouliza kama ile ln inafaa kuwepo pale.

Na katikati ya hiyo taabu kikaja kipimo kimoja kilichoharibu akili ya kila mtu. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. ln A ilinyooka kutoka mwanzo mpaka nusu ya reaksyo na kuendelea, bila kuanguka, R² 0.999. Mwanafunzi alifurahi sana, akasema sasa tumepata, hii njo kinetiki yenyewe, zile zingine zilikuwa na uchafu. Akaandika mpaka kwenye pendekezo la sura ya tatu kwamba ordi ya kwanza imethibitishwa.

Asistanti aliyekuwa anamfuata alimwomba kaye, siyo grafu ya kompyuta, kaye yenyewe ya kuandikia kwa bic. Mazungumzo yao nayakumbuka juu yalikuwa mafupi (kurani ni umeme, onduleri ni betri inayoshikilia vyombo umeme ukikatika):

– Mama, hii ya R² mingi, ni ya siku gani?
– Ya ile siku kurani ilikatika, asistanti. Spektro ilibakia kwa onduleri.
– Na beni?
– Beni ilizimika. Lakini kipimo kilikuwa kimeshaanza, nikaona nimalizie tu.
– Joto ya mayi saa ya mwisho ulichukua?
– Hapana.

Ilikuwa mwezi wa saba. Watu wasiojua Lubumbashi wanafikiri Kongo yote ni joto, ila huku tuko kwenye mita 1200 hivi na saizo ya ukavu asubuhi inakuwa ya baridi kweli, watu wanavaa koti. Labo ilikuwa kwenye 20 °C au chini. Beni ikizimika pompa inasimama, maji ya kwenye mipira hayazunguki tena, na kuveti inapoa kuelekea joto la chumba wakati saa inaendelea kuhesabu.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa asistanti ulikuwa kuchora A yenyewe na muda, bila ln, kwa vipimo vyote vya nyuma, pamoja na zile pointi zilizokatwa. Ilichukua saa moja ya kompyuta. Mistari ikatoka imenyooka kama imechorwa na rula, kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho, ikajipinda kidogo tu pale chini kabisa. Na ile mitatu ya 0.5, 1.0 na 1.5 ilikuwa sambamba: kila mmoja unashuka karibu 0.03 ya absorbansi kwa dakika, haijali ulianzia wapi. Ule wa kuanzia 1.0 unamaliza kwa dakika 33 hivi, ule wa 0.5 kwa dakika 17. Hiyo ni ordi sifuri kwa oksidanti. Spidi haiulizi kama njano iko nyingi au kidogo.

Kipimo kimoja tu hakikunyooka kwenye grafu ya A, kile cha kurani. Kile ambacho wote walikipenda.

Uamuzi wa pili: kutorudia kila kitu. Profu mwanzoni alitaka vipimo vyote vifanywe upya, na naelewa kwa nini, imani ilikuwa imepotea. Asistanti alibishana naye kwa heshima, akamwonyesha kwamba namba za kaye hazina kosa, kosa liko kwenye njia ya kuzisoma, na mteremko wa A unatoka kwenye namba zilezile. Vipimo vilivyokuwa na joto limeandikwa mwanzo na mwisho vilibaki. Vile ambavyo joto halikuandikwa, vikatupwa bila huruma, hata vilivyokuwa vizuri kwa macho. Naona huo ulikuwa uamuzi bora wa kazi nzima, juu kigezo cha kutupa kilikuwa kitu cha nje ya matokeo, hakikuwa uzuri wa matokeo.

Uamuzi wa tatu ulihusu kurani, ambayo hakuna mtu wa labo anaweza kuitawala. Walichukua sanduku kubwa la sturufomu, lile la kubebea samaki wabichi, wakalijaza maji ya 30 °C, pompa ndogo ikaunganishwa kwenye onduleri pamoja na spektro. Kile kinachokula umeme mwingi ni rezistansi ya kupasha, pompa inakula kidogo sana. Maji mengi ndani ya sturufomu yanapoa polepole, kwa kipimo cha nusu saa joto halisogei kiasi cha kukusumbua. Na termometri ikasomwa kila baada ya dakika 5, ikapewa safu yake kwenye kaye kabla ya safu ya absorbansi.

Baada ya hapo wakafuata maswali kwa mpangilio. Bila rutenyumu: njano haikupungua kwa kiasi cha kuonekana katika muda wa kipimo, kwa hiyo kazi inafanywa na metali. Rutenyumu mara mbili: mteremko mara mbili, ordi ya kwanza kwa kichocheo. Alkoli kutoka 0.02 mpaka 0.5 mol/L: mwanzoni spidi inapanda pamoja na alkoli, halafu inachoka, inalala. Nusu ya spidi ya juu ilifikiwa karibu na 0.1 mol/L.

Kuhakikisha kwamba kinachotoka ni asetoni, mtu mmoja alipendekeza jaribio la iodoformi. Lilikataliwa palepale na vizuri, juu isopropanoli yenyewe nayo inatoa iodoformi, ungeona njano hata kama reaksyo haijaanza. Walitumia 2,4-dinitrofenilihidrazini, ambayo inashika asetoni na kutoa mashapo ya njano-chungwa na haijali alkoli.

Matokeo

Memwari ilitetewa kwa wakati na ilipita vizuri. Sheria ya spidi iliyoandikwa: sifuri kwa ferisianidi, moja kwa rutenyumu, na kwa alkoli ile kurbu ya kujaa. Spidi ya alkoli iliandikwa kama nusu ya spidi ya ferisianidi, ile 2 ya mlinganyo: mteremko wa 0.03 kwa dakika ni 3×10⁻⁵ mol/L ya ferisianidi kwa dakika, alkoli ni 1.5×10⁻⁵. Inaonekana kitu kidogo ila makala mbili za reaksyo ileile zinaweza kutofautiana mara mbili juu ya hapo tu, kila mtu lazima aseme amehesabu nini.

Uchambuzi: kwa nini R² iliwadanganya

Hapa nataka kukaa. Chukua reaksyo ya ordi sifuri safi kabisa, isiyo na kosa lolote la kupima, halafu ichore kwa ln mpaka nusu tu ya oksidanti iishe. R² utakayopata ni 0.99 hivi. Nimeihesabu kwa kalamu, siyo kwa data ya mtu. Maana yake ukikata nusu ya pili, ln ya kitu ambacho si cha ordi ya kwanza inaonekana nzuri kiasi cha kumridhisha karibu kila msomaji wa memwari. Tofauti kati ya ordi mbili inakaa zaidi kwenye nusu ya pili, kulekule ambako mwanafunzi alikata. Pointi zilizokuwa zinaanguka chini ya mstari zilikuwa zinasema ukweli, tena zilianguka kwa mpangilio, zote upande mmoja, na kelele ya spektro haifanyi hivyo, kelele inaruka juu na chini.

Na k zake zilizosogea zilikuwa zimebeba jibu tangu siku ya kwanza. Zidisha kila k kwa ukolezi wake wa mwanzo: 0.08 × 0.5, 0.04 × 1.0, 0.027 × 1.5. Zote 0.04. Ukiona k ya ordi ya kwanza inapungua nusu kila ukizidisha ukolezi mara mbili, hiyo ni spidi isiyobadilika iliyogawanywa kwa ukolezi, acha kulaumu mizani. Njia nyingine isiyohitaji kompyuta ni kuangalia muda wa nusu. Kutoka 1.0 mpaka 0.5 ilichukua dakika ngapi, na kutoka 0.5 mpaka 0.25? Ordi ya kwanza inakupa muda uleule mara zote mbili. Ordi sifuri, mara ya pili inachukua nusu ya muda wa mara ya kwanza. Mtu anaweza kuliona hilo akiwa bado amekaa mbele ya spektro.

Sasa kile kipimo cha kurani. Sheria ya Arrhenius ya 1889 inatuambia spidi inavyoshuka na joto. Chukua nishati ya uamsho (kizingiti ambacho reaksyo lazima ivuke) ya kilojuli 50 kwa moli, kiasi cha kawaida kwa reaksyo kama hizi: kila digrii moja karibu na joto la chumba ni kama asilimia 7 ya spidi, na kutoka 30 mpaka 20 °C spidi inakuwa nusu. Ordi ya kwanza nayo, ferisianidi ikifika nusu, spidi inakuwa nusu. Umeona? Kuveti ilipoa karibu kwa mwendo uleule ambao ordi ya kwanza ingepunguza spidi, na mstari wa ordi sifuri ukapinda ukawa pacha wa eksponensia, ile kurbu ya ordi ya kwanza. R² 0.999 ilitengenezwa na beni iliyozimika. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anachagua kipimo bora kwa kuangalia R² peke yake, wakati safu ya joto iko tupu.

Uchambuzi: ordi sifuri inasema nini

Wengi wakisikia sifuri wanafikiri ferisianidi haifanyi kazi. Inafanya, bila yake reaksyo inasimama. Ila kazi yake ni kuinyang'anya rutenyumu elektroni zilizozidi, ili metali iwe tayari kwa alkoli nyingine. Hatua hiyo ni ya haraka. Hatua ya polepole iko kati ya alkoli na rutenyumu: alkoli inashikamana na metali, wanakuwa kompleksi, halafu kompleksi inavunjika na asetoni inatoka. Ni kama pale kwenye mashini ya kusaga mahindi, kama mashini ni moja, foleni ya wamama kumi au ishirini haibadilishi gunia ngapi zinatoka kwa saa.

Hiyo foleni njo inaeleza pia alkoli inavyojaa. Metali zote zikishakamatwa na alkoli, kuongeza alkoli hakuongezi kitu. Ni hesabu ileile ya Michaelis na Menten ya 1913, wao walikuwa wanaangalia invertase ikivunja sukari, lakini algebra haijui kama kichocheo ni enzimu au rutenyumu.

Kwenye utetezi, mjumbe mmoja wa jury aliuliza swali ambalo kwangu lilikuwa bora kuliko memwari nyingi nzima. Alisema: spidi inaweza kulala kwa alkoli nyingi kwa sababu mbili. Moja ni hiyo ya kompleksi kujaa. Nyingine, alkoli ikiwa nyingi sana hatua ya kwanza inakuwa haraka, na sasa ferisianidi njo inachelewa kurudisha metali. Utajuaje ni ipi? Mwanafunzi alijibu bila kusita, na hapo nilijua amekomaa. Kama ni ferisianidi inayochelewa, ordi yake haiwezi kubaki sifuri, ingepanda kuelekea moja, na grafu ya A kwa alkoli ya 0.5 mol/L ingepinda mapema. Akaonyesha grafu ya 0.5: imenyooka kama ya 0.1. Kwa hiyo ni kompleksi. Ule mpindo mdogo wa mwisho kabisa, pale ferisianidi imebaki chache sana, ndipo hatua ya pili inapoanza kuonekana kidogo, na alisema hivyo. Miezi ya nyuma pointi hizohizo alikuwa anazikata.

Kitu kingine kilichofanywa vizuri ni alichokataa kuandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mekanisimu nzima, rutenyumu inatoka tatu inashuka moja, hidridi inaruka, yote kwa mishale. Asistanti akamwambia afute kila mshale ambao hauna kipimo nyuma yake. Kinetiki inakuambia nini kinaingia kwenye hatua ya polepole, haikuambii namba ya oksidasyo ya metali ni ngapi. Na kusema ile hidrojeni ya kwenye kaboni njo inavunjika kwenye hatua ya polepole kunahitaji jaribio lake: Westheimer na mwenzake mwaka 1949, kwa asidi ya kromiki, walitumia isopropanoli yenye deuteri (hidrojeni nzito) mahali pa hiyo hidrojeni na ikaoksidishwa polepole karibu mara sita. Hapa hakukuwa na alkoli ya deuteri, kwa hiyo sentensi ikaandikwa kwa "inawezekana".

Ambayo hayakwenda vizuri

Joto, nimeshasema. Kile kipimo cha kurani kilidanganya zaidi kwa safu ya joto isiyokuwepo kuliko kwa kurani yenyewe.

Upande wa alkoli, spidi ya juu na ukolezi wa nusu vilitolewa kwanza kwa grafu ya Lineweaver na Burk ya 1934, unageuza vyote viwili kichwa chini na kuchora mstari. Shida yake ni kwamba alkoli ndogo kabisa, ambayo spidi yake ni ndogo na kosa lake ni kubwa, ikigeuzwa inakaa mbali kulia na inavuta mstari wote kwake. Pointi za 0.02 zilipimwa mara moja moja tu, na hizo njo zilikuwa zinaamua kila kitu. Mwishoni walitumia solva ya Ekseli kuilinganisha kurbu yenyewe bila kugeuza, namba zikatulia, lakini zile pointi za chini zilitakiwa zirudiwe mara tatu na muda ulikuwa umekwisha.

Nishati ya uamsho ilipimwa kwa 0.5 mol/L ya alkoli, na hapo nawasifu. Kwenye alkoli kidogo ungepata namba yenye vitu viwili ndani, nishati ya kompleksi kuvunjika ikichanganyika na joto la kompleksi kuundwa, na hakuna namna ya kuvitenganisha baadaye. Kwenye alkoli nyingi sehemu kubwa ya metali imeshashikwa, unabaki karibu na hatua ya kuvunjika peke yake.

NaOH njo sehemu dhaifu. Walibadilisha NaOH kutoka 0.05 mpaka 0.3 bila kuongeza chumvi ya kusawazisha, kwa hiyo nguvu ya ioni ya maji ilikuwa inapanda pamoja na NaOH, na spidi iliyobadilika kidogo haijulikani imebadilishwa na OH⁻ au na chumvi. Ilibidi kila chupa iongezwe NaClO4 mpaka jumla ya ioni ilingane, 0.05 ya NaOH inapewa 0.25 ya chumvi, 0.1 inapewa 0.2, na kuendelea. Jury iliwaambia waitoe ile sehemu kwenye hitimisho, wakaitoa. Mwanafunzi aliyekuja nyuma yake alipewa hiyo kazi ya NaOH peke yake, na chupa ya perkloreti ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yake ya vitu vya kuomba.